Kabla ya Mungu, Anasoma Nani?

Jumamosi, 4 Machi

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Mashuka ya nyumba ya wageni yana siku tatu kambani na bado yanachuruzika, na mwenye nyumba anapiga simu kama vile mimi ndiye niliyefungulia mbingu. Nimeyaacha nikaenda zangu mahabusu ya watoto. Jumamosi ni siku ya mabinti, na mabinti hawangoji jua.

Leo nimeshinda vita. Nilipeleka kisanduku cha mbao chenye tundu juu, pamoja na karatasi nilizokata kwenye vitabu vyangu vya zamani vya risiti, zile za rangi ya waridi, ambazo upande wa nyuma ni mtupu. Kila binti aandike ombi lake, asitie jina, akunje, atumbukize. Mimi nayabeba hadi kanisani na kikundi chetu kinayaombea Alhamisi. Matroni akasema hakuna karatasi itakayotoka mlango ule kabla yeye hajaisoma. Mabinti wanamwita Funguo, kwa ajili ya kile kitita cha funguo kiunoni. Ukimsikia anakuja unajikuta unaficha mikono hata kama hujashika kitu.

"Mama, hizo ni kanuni," akasema.

"Maombi hayakaguliwi, dada yangu. Haya ni kati ya mtoto na Mungu wake."

"Na wewe hapo katikati ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mbeba mzigo tu. Nikaenda kwa mkuu wa kituo, nikalia kidogo (machozi yangu yako karibu, namshukuru Mungu), naye akakubali. Funguo alinifungulia geti bila kunitazama.

Alhamisi, 9 Machi

Karatasi kumi na moja. Nusu wanaomba mama zao waje kuwaona. Mmoja anaomba meno yaache kuuma.

Utaratibu wetu ni ule ule. Tunakaa duara kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu, nasoma karatasi moja moja kwa sauti, tunaomba, kisha kila mtu anachukua moja kwenda nayo nyumbani, aibebe wiki nzima. Ombi lenye maelezo huombewa vizuri kuliko ombi la "Bwana, wewe unajua."

Wa kwanza kunyoosha mkono huwa ni mzee wetu wa kanisa, tunayemwita Mfariji. Penye msiba yupo, penye njaa yupo. Anauza mablanketi na vyombo vya nyumbani. Mume wangu alipofariki, blanketi lililomfunika lilitoka kwake, na hadi leo sijasahau alivyolikunjua polepole kana kwamba marehemu angeamka. Nguo zake nafua mimi. Alama yake ni uzi wa bluu ndani ya kola. Dobi wa kweli hukagua mifuko kabla ya maji, na miaka yote hii sijakuta kwenye mfuko wa Mfariji hata njiti ya kiberiti.

Jumamosi, 11 Machi

Kuna binti mmoja wa miaka kumi na tano ambaye nimempa jina la Swali, na wenzake wamelidaka. Wengine ukiwasomea wanasinzia au wanasukana. Yeye anakukazia macho mpaka unaanza kujikagua vifungo.

"Mama Dobi, Yusufu alipotupwa shimoni, hapa wanasema ndugu zake walikaa wakala chakula. Walikula nini?"

"Haijaandikwa, mwanangu."

"Mimi ningependa kujua. Na kama kilishuka."

Sijui kosa lake. Kanuni ya huduma yetu ni kwamba hatuulizi kosa, tunauliza hali. Ninachojua ni kwamba kesi yake inasikilizwa tarehe ishirini na sita Aprili.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua. Nimekausha soksi kwa pasi.

Jumamosi, 18 Machi

Sikufurahi leo, na sitaki kusema nimefurahi.

Mfariji alikuja na mablanketi arobaini, mapya, bado kwenye nailoni. Mabinti walipanga mstari ukumbini huku wakiimba. Alikuwa anamkabidhi kila mmoja kwa mikono miwili, anamwambia, "Pokea, binti yangu." Ilipofika zamu ya Swali, hayupo. Nikamkuta chumba cha nyuma, amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, magoti kidevuni.

"Toka ukamshukuru mzee wa watu."

"Sina baridi."

Meno yake yalikuwa yanagongana. Nikamsema vibaya. Nikamwambia mkono usiopokea leo utanyooshwa kesho usikute mtu. Nikarudi ukumbini nikamwomba radhi Mfariji, naye akacheka, akanishika bega, nami nikacheka naye. Akauliza, "Huyo asiyetaka blanketi ni yupi?" Nikamwonyesha mlango wa chumba cha nyuma.

Wakati wa kuondoka Swali alinifuata hadi kwenye kisanduku.

"Mama Dobi, hizi karatasi zetu anasoma nani?"

"Mungu."

"Na kabla ya Mungu?"

Nikamwambia aache ujuaji. Funguo alikuwa amesimama karibu, amesikia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. Lilikuwa tabasamu lisilonipendeza.

Jumanne, 21 Machi

Shati la mteja limeota ukungu begani. Nimelifua mara tatu. Doa limekuwa jepesi lakini lipo.

Jumamosi, 25 Machi

Swali ametumbukiza karatasi! Wiki tatu hajawahi kuandika hata neno. Aliikunja mara nne, akaishikilia juu ya tundu, akanitazama mimi wala siyo kisanduku, halafu akaiachia. Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani, mvua ikinipiga.

Alhamisi, 30 Machi

Hakuwa ametia jina, ila mwandiko wake naujua, herufi zinaegemea nyuma. Nainakili hapa kama ilivyokuwa:

"Mwombeeni mdogo wangu. Ana miaka tisa. Siku karakana ya magodoro ilipoungua na mlinzi akafia ndani, yeye aliona nani alimwaga petroli. Amefichwa kwa bibi, nyumba ya bati jekundu nyuma ya kinu cha kusaga. Mungu amwondolee hofu mpaka tarehe ishirini na sita."

Kumbe ndiyo kesi yake. Kumbe mtoto wa watu hana hatia na kuna wa kulisema hilo! Nilisoma kwa sauti hadi mwisho. Kisha tuliomba kwa nguvu ambayo sijaiona tangu mwaka uanze. Mfariji alikuwa amefumba macho na midomo inacheza bila sauti. Tulipomaliza aliwahi kunyoosha mkono.

"Hili nipe mimi, dada. Hili nitalibeba mwenyewe."

Nani angefaa zaidi? Nikampa. Mlangoni akaniuliza taratibu, "Kinu kipi, cha sokoni au cha mtoni? Nimtaje mtoto vizuri mbele za Mungu."

"Sijui, baba. Nadhani cha mtoni, wengi wa hawa wanatoka kule."

Nimelala mchana kidogo, nimeamka nikiwa mwepesi.

Jumamosi, 1 Aprili

Nilimwambia Swali ombi lake linaombewa na watu wazima wenye imani. Akauliza, "Wangapi?" Nikasema tisa. Akauliza, "Na lile blanketi nililolikataa, yule mzee alilipeleka wapi?" Sikumwelewa.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mto umepanda.

Jumatatu, 10 Aprili

Hakuna cha kuandika. Nguo zote zinanuka unyevu, hata mimi.

Alhamisi, 13 Aprili

Nitaandika yote.

Dereva wa Mfariji alileta koti asubuhi. Kwa kawaida nguo zake huja Jumatatu, ndani ya mfuko safi, zimekunjwa. Hili lililetwa mkononi, limelowa, na matope mekundu yamepanda hadi mfukoni. "Mzee hajui kama nimelileta," dereva akasema, "lakini akilikuta bado hivi atanigombeza." Nikatia mkono mfukoni kama kawaida yangu. Nikatoa karatasi ya rangi ya waridi.

Kwanza nilifurahi. Nikasema moyoni, tazama, anatembea nalo ombi la mtoto. Nikaigeuza. Upande wenye mistari ya risiti yangu palikuwa na mwandiko wake, ule mzuri anaotumia kuandika matangazo ya kanisa:

"Kinu cha mtoni. Bati jekundu. Nyumba tupu. Jirani: bibi alihama. WAPI?"

Hiyo WAPI ameipigia mistari miwili.

Nilikaa juu ya beseni. Nilijaribu kumtetea. Nikasema labda alikwenda kupeleka msaada. Lakini anayepeleka msaada akikuta nyumba tupu hurudi na blanketi lake, haandiki WAPI. Na anayepeleka msaada hutuambia, Mfariji hutuambia hata akimpa mtu sabuni. Halafu nikamkumbuka Swali kati ya kitanda na ukuta, meno yanagongana. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zenyewe nimezifua miaka minane.

Mdomo wangu ndio uliosoma. Mdomo wangu ndio uliosema "cha mtoni".

Ijumaa, 14 Aprili

Nimekwenda. Nyuma ya kinu pana njia ya matope kama yale ya kwenye koti. Nyumba ya bati jekundu iko peke yake. Mlango umevunjwa, umelala chini kama mkeka. Ndani, kitanda kimepinduliwa, sufuria imepinduliwa, hata majivu ya jiko yamechokorwa. Kwenye msumari ukutani kunaning'inia gauni dogo la shule.

Jirani alikuwa anakinga maji ya paa. Akaniangalia kwa woga.

"Na wewe umeletwa na maombi?"

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

"Alikuja mzee mmoja, mstaarabu, na blanketi jipya. Akasema ni wa kanisani, ameletwa na maombi. Nikamwambia bibi alihama. Kesho yake wakaja vijana watatu bila blanketi."

"Na mtoto? Walimkuta mtoto?"

"Sijui. Mimi nilijifungia."

Nimerudi kwa miguu. Simkumbuki hata mtu mmoja niliyepishana naye.

Jumamosi, 15 Aprili

Nilimwambia Funguo kwanza, pale pale getini. Nilimpa karatasi. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akairudisha mkononi mwangu. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alifungua geti, akasema, "Njoo umwambie mwenyewe. Nitakaa na wewe."

Swali alikuwa anakunja mashuka. Nikapiga magoti.

"Mwanangu, nilisoma ombi lako kwa sauti. Nilimpa mtu. Nyumba ya kinu imevunjwa, na mdogo wako sijui..."

"Ni yule wa mablanketi," akasema.

Hakuwa anauliza.

"Kule kazini, karakana ya magodoro, tulimwita Bosi. Jina lake hatukuambiwa, msimamizi ndiye aliyetulipa. Jioni ile alikuja na madumu, akamwambia msimamizi atutoe, bima itamaliza mambo. Hakujua mlinzi amelala ndani, kisha kesi nikatupiwa mimi. Mdogo wangu alikuwa ameniletea chakula, alikuwa nyuma ya magunia ya pamba. Siku ile ukumbini nilimsikia sauti kabla sijamwona. Halafu nikakusikia wewe unacheka naye."

"Nisamehe. Mdogo wako..."

"Hayuko kule. Tulihama kule usiku, bila kubeba kitu, kabla ya mimi kukamatwa." Akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. "Nilitaka kujua kama kisanduku kina tundu chini. Nikasema, Mama Dobi akija siku moja ameinamisha uso, nitajua karatasi imemfikia Bosi."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikalia, nikataka kumkumbatia. Akarudi hatua moja nyuma. Kisha akamgeukia Funguo, ambaye hajawahi kumwita "binti yangu" wala kumletea hata pipi.

"Matroni, wewe ulitaka kuzisoma tangu siku ya kwanza. Ulitaka kuzisoma uzipeleke wapi?"

"Kwenye kabati langu. Nizifungie."

Swali akafikiri. "Nitakuambia mdogo wangu alipo. Mumlete tarehe ishirini na sita." Halafu akaniambia mimi, kwa heshima kabisa, "Mama Dobi, toka kwanza."

Nikatoka. Nimesimama kwenye korido ile yenye harufu ya dawa ya sakafu, nimefungiwa mlango usoni, na nilistahili. Sikusali sala ndefu. Nilisema, "Bwana, kama lazima awepo wa kuwindwa, waache hawa watoto. Niwe mimi." Niliisema mara tatu.

Jumatatu, 17 Aprili

Amekuja mwenyewe. Dereva alibaki garini.

"Dada, habari za mvua?"

"Tunaishi nayo, baba."

"Koti langu liliingia huku kwa bahati mbaya. Mfukoni kulikuwa na karatasi ya maombi. Unajua nilivyo, sipendi kupoteza ombi la mtoto."

Nilikuwa napiga pasi. Sikuinua macho. "Pole, baba. Nililitumbukiza majini bila kukagua. Kama ilikuwepo, imekuwa uji."

Mvua juu ya bati.

"Wewe hukagua mifuko siku zote," akasema. "Unajisifia hilo hata kanisani."

"Uzee, baba."

Akachukua koti, akalinusa, akasema limetakata. Akaangalia kaunta, beseni, pazia la nyuma ambako nalala. Aliangalia polepole, kama mtu anayenunua. "Bado unakaa peke yako humu?" Nikasema nakaa na Mungu. "Vizuri," akasema, "vizuri sana."

Karatasi ilikuwa ndani ya kopo la unga, mita moja kutoka mkononi mwake. Alipoondoka niliona nimeunguza kola ya mteja.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimesema naumwa, sikwenda kwenye maombi. Mchungaji kapiga simu kusema Mfariji ameongoza sala kwa ajili yangu.

Jumamosi, 22 Aprili

Nimekirudisha kisanduku nyumbani. Hakuna binti aliyeuliza kiko wapi.

Jumatano, 26 Aprili

Mahakama ya watoto ni chumba kidogo chenye meza moja ndefu na feni isiyozunguka. Swali alikaa karibu na afisa ustawi, amevaa shati nililompigia pasi mimi, ingawa hajui. Hakimu aliuliza kama kuna shahidi wa upande wake. Hakukuwa na mtu ila mimi, na mimi moto sikuuona. Mvua ilikuwa inapiga madirisha na Swali anaangalia mlango. Hakimu akauliza mara ya pili. Nilihesabu vifungo vya joho lake ili nisipige kelele.

Tukasikia funguo kwenye korido. Sijawahi kufikiri nitaipenda sauti ile. Funguo akaingia, amelowa mpaka kwenye viatu, ameshika mkono wa kitoto kifupi chenye meno mawili makubwa mbele. Nyuma yao bibi na fimbo yake.

Mtoto alisema yote. Alisema madumu yalikuwa mawili, moja la njano. Alisema Bosi alikuwa na koti zuri na alilikunja akaliweka mbali lisinuke petroli. Kisha nikaitwa mimi. Nilieleza kisanduku, duara letu, kinu cha mtoni, koti. Nilitoa karatasi. Hakimu aliisoma pande zote mbili, akaniuliza, "Mama, na wewe uliisoma hii hadharani?" Nikasema ndiyo. Akaandika. Ile kalamu ilichukua muda mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kungoja.

Swali ameachiwa, amekabidhiwa kwa bibi. Polisi wameagizwa wamtafute mwenye mwandiko. Nje, mdogo alimrukia dada yake shingoni na wote wakaanguka kwenye dimbwi, wanacheka. Swali alipoinuka alinipita, akasimama, akarudi.

"Shukrani kwa kusema ndiyo," akaniambia. Basi. Sikustahili hata hilo.

Funguo amewapeleka mbali. Sijauliza wapi, na sitauliza.

Jumapili, 30 Aprili

Walimchukua Mfariji Alhamisi, wakamrudisha Jumamosi kwa dhamana. Leo alikaa benchi lake la mbele. Watu walimpa mkono. Mchungaji alihubiri kutohukumu, na alipofika kwenye neno "ulimi" aliniangalia mimi.

Alhamisi, 4 Mei

Kwaya wamekuja kuchukua majoho yao. Wamepata dobi mwingine, wanasema, wa karibu zaidi. Hakuna dobi wa karibu zaidi.

Jumatano, 10 Mei

Mvua imekatika. Jua kali, upepo mzuri, kila kitu kimekauka kabla ya mchana. Ndiyo siku ambayo dobi huisubiri msimu mzima, na kamba zangu ziko nusu tupu.

Saa tisa dereva alileta koti. Lile lile, uzi wa bluu kwenye kola. Lilikuwa safi. Halikuwa na doa, halikuwa na vumbi, lilikuwa bado na mstari wa pasi yangu kwenye mkono.

"Hili halijavaliwa," nikamwambia.

"Mzee amesema ulifue," akasema, huku anaangalia viatu vyake. "Amesema safari hii ukague mifuko."

Nimekagua. Karatasi ya rangi ya waridi, imekunjwa mara nne. Karatasi tupu za namna hii zilibaki nyingi kwenye kapu kanisani. Herufi ni za kuchapa, hazina mwandiko wa mtu:

"Tumwombee dada yetu dobi. Anakaa peke yake nyuma ya duka. Mlango wa bati, komeo moja."

Hakuna polisi atakayeona kosa hapo. Ni ombi. Limeandikwa vizuri, lina maelezo, kama nilivyowafundisha.

Nimelisoma mara kadhaa na nashangaa kwamba hofu yangu ina kitu kingine ndani yake. Tarehe kumi na tano Aprili nilisimama koridoni nikaomba niwe mimi. Niliomba mara tatu. Wale watoto wako mbali na mimi niko hapa, na hakuna anayeuliza tena WAPI.

Gari la Mfariji bado limesimama ng'ambo ya barabara. Jua halijazama, kwa hiyo nitafunga duka sasa hivi na kupita mlango wa mbele, watu wakiniona, hadi mahabusu. Daftari hili namkabidhi Funguo, pamoja na karatasi. Tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyetaka kusoma kabla kitu hakijatoka mlangoni. Asome yote, kisha alifungie kabatini.